Mama, Nani Anaangalia Mtoto Karibu na Pisini?

Mama mpenzi, hapa Bukavu tumekomaa karibu na maji, na tumezoea. Tunasema ziwa Kivu haina mamba, basi watoto wachezee pale. Kweli, mamba haiko. Lakini maji haihitaji mamba kwa kuua mtoto. Beseni ya kufulia inatosha kwa mtoto anayetambaa.

Leo tunataka kusema juu ya maji mengine, yale ya pisini za hoteli. Umealikwa kwa feti ya ndoa. Meza zimepangwa pembeni ya pisini, muziki inalia, watoto wamevaa vizuri na wanakimbia. Baba anafikiri mama anaangalia. Mama anafikiri yaya wa mtoto anaangalia. Yaya mwenyewe ana miaka tisa, amekwenda kutafuta fanta. Na wote wanafikiri sentineli wa hoteli yuko kwa kazi hiyo, kumbe yeye ni wa mlango na magari. Watu mia wako pale, na hakuna hata mmoja anayeangalia.

Wengi wanangojea kusikia kelele. Usingojee, mama. Mtoto anayezama hapigi kelele. Kinywa chake kinaingia majini na kutoka, anatafuta pumzi tu, hana nafasi ya kulia. Mikono yake inasukuma maji chini, haikupungii. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata dakika moja haijaisha, wakati wewe unasalimiana na shemeji. Dakika chache bila pumzi, ubongo unaanza kuharibika. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa kwa kuzama, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Basi inapashwa mtu mmoja, kwa jina lake. Mwambie: « Sasa ni wewe, Mama fulani, mpaka nirudi. » Naye ajibu ndiyo. Huyo hashiki simu, hanywi pombe, haendi kuchukua chakula. Kama mtoto ni mdogo, akae karibu naye hata aweze kumgusa kwa mkono. Akichoka, anamwita mwingine. Mtoto mwenzake si mlinzi, hata kama ni mwenye akili sana. Na ile mipira ya kupuliza inayovaliwa kiunoni ni ya mchezo tu. Inapasuka, inateleza, inageuza mtoto kichwa chini.

Na hoteli? Hoteli nayo ina kazi yake, na usione haya kuiuliza mbele ya kukaa. Pisini inapashwa kuwa na uzio pande zote nne, wa kufika kifua cha mtu mzima, na mlango unaojifunga wenyewe, kifungo chake juu mtoto asipofikia. Inapashwa kuwa na mtu anayejua kuogelea, ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu. Kamba na mti mrefu viwe pale. Maji yawe safi: kama huoni chini kabisa, mtoto asiingie, kwa sababu akizama hutamwona. Uliza pia upande gani una kina kirefu.

Pengine utakuta kibao ukutani kinachosema kwamba hoteli haichukui madaraka ya aksida. Kibao hicho hakifuti sheria ya azabu ya inchi yetu. Vifungu vya 52 na 53 vinaazibu mtu anayeua bila kukusudia, kwa kukosa kuangalia mbele au kukosa uangalifu. Mwenye pisini asijifiche nyuma ya kibao. Lakini tribinali inakuja kisha mazishi, mama, ndiyo sababu ninakuomba uulize mbele.

Mtoto akizama, ita watu kwa nguvu. Kama hujui kuogelea, usiruke. Wamama wengine wamekufa pamoja na watoto wao. Tupa kamba, mti, ao bidoni ya lita 20 isiyo na kitu, kifuniko kimefungwa. Inaelea vizuri.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Hiyo inapoteza wakati na inaleta matapishi. Mlaze chali, inua kidevu kidogo, ziba pua yake, umpulizie pumzi tano kinywani mpaka kifua kiinuke. Kama ni mtoto mchanga, kinywa chako kifunike kinywa na pua yake pamoja. Kama haamki wala hapumui vizuri, kandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka na kwa nguvu, kisha pumzi mbili, tena 30, bila kuacha, mpaka apumue ao msaada ufike. Siku ya kliniki omba muuguzi akuonyeshe kwa mikono. Kusoma tu haitoshi.

Hata akiamka na kulia, mpeleke hospitali siku ile ile. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa chache kisha: anakohoa, anapumua mbio, anasinzia. Mwambie munganga alikaa chini ya maji muda gani, na nani alimwona wa kwanza.