Mtoto Akilia na Kujitupa Chini Darasani

Vikundi vyetu vingi vinaendesha shule za nasari. Tumejenga darasa, tumenunua sufuria ya uji, tumeajiri mwalimu. Lakini je, tumewahi kuzungumza juu ya yule mtoto wa miaka minne anayejitupa chini akipiga mayowe, au kumwuma mwenzake? Mara nyingi husemwa, "Huyo amedekezwa." Anachapwa, anachekwa, na baada ya siku chache hataki shule tena.

Tuelewe kwanza. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia hukomaa polepole, hata kupita umri wa miaka 20. Mtoto mdogo ana hasira na hofu kama sisi, lakini bado hana maneno ya kuzieleza. Kwa hivyo mwili wake ndio unaosema. Akiwa na njaa au usingizi, mambo huzidi.

Mwalimu afanye nini?

1. Atulie yeye kwanza. Achuchumae karibu na mtoto, aongee kwa sauti ya chini.

2. Azuie madhara: "Sitakuacha umpige mwenzako."

3. Ataje jambo lenyewe: "Umekasirika kwa sababu amekunyang'anya mpira."

4. Ampe mahali pa kutulia, kama mkeka pale pembeni. Wapumue polepole pamoja, kama mtu anayepoza uji.

5. Akisha tulia, ndipo wazungumze. Aokote alichorusha, amwombe mwenzake msamaha.

Na kiboko? Serikali ilikiondoa shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakikataza. Tena mtoto akichapwa kwa sababu ya kulia, anajifunza kuogopa tu. Kujituliza hajifunzi.

Kikundi nacho kina kazi yake. Uji uwe tayari mapema. Mwalimu mmoja asiachiwe watoto wengi kupita kiasi. Mzazi amwambie mwalimu kama nyumbani kuna matanga, ugonjwa au ugomvi. Na mtoto akibadilika ghafla, au akiwa hivyo kila siku kwa wiki nyingi, ongeeni na mzazi kwa upole, apelekwe kliniki. Pengine anaumwa, hasikii vizuri, au kuna mtu anayemdhulumu.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walisema kumkunja, si kumvunja. Katika mkutano wenu ujao, mwiteni mwalimu mumwulize: ni mtoto gani anayemsumbua sana, na sisi tumsaidieje?