Mkono wa Kushoto Ulipofunzwa Kunoa

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii nimeisikia tangu utotoni kwetu Mombasa, lakini ladha yake niliionja mbali na nyumbani, katika bonde la Lambwe, huko Nyanza, mwaka 1984, mwaka ule wa ukame.

Nilikwenda huko kwa kazi ya useremala. Lambwe ni bonde la majani marefu na vichaka, na wakati ule mbung'o walikuwa tele. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1980, maradhi ya malale yalikuwa yamezuka huko, na watu walikuwa hawajasahau. Sisi wa pwani tulikuwa wachache, na uchache ule ukatufanya ndugu.

Basi mwenzangu mmoja akaruzukiwa mtoto wa kiume. Akaniomba nimnyoe siku ya saba, siku ya akika, kwa wembe wa kukunja nilioachiwa na marehemu baba. Nikakubali, na ahadi ni deni. Kesho yake patasi ikaniponyoka, ikanichana kiganja cha kulia.

Zilibaki siku tano. Wembe ulikuwa umepungua makali, na ngozi ya kichwa cha mtoto mchanga haina mzaha. Wembe butu hukwaruza. Mkono uliobaki ulikuwa wa kushoto, ambao tangu udogo nilikanywa nisiulie wala nisiutolee kitu.

Asiyejua hudhani kuwa ukanda wa ngozi hula chuma. Sivyo. Kula chuma ni kazi ya kinoo; ukanda huyanyoosha makali yaliyopinda kwa kutumika. Wembe hulazwa bapa, mgongo ukatangulia na makali yakafuata nyuma. Ukifika mwisho, huupindua juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, kisha ukarudi nao.

Nikaufunga ukanda kwenye nguzo, ncha ya pili nikaizungusha kwenye kigasha cha kulia ili usilegee, maana ukanda uliolegea huyaviringa makali. Mara ya tatu tu nikapindua vibaya, nikaukata ukanda wa baba.

Nikakaa kitako nikajiuliza: mkono wa kulia ulikuwa ukifanyaje? Wallahi, sikujua! Miaka yote ulifanya bila kuniambia. Ikanibidi niviendeshe vidole vyangu vya kulia hewani, polepole, huku nikivitazama kama mwanafunzi. Ndipo nikaona kuwa kifundo cha mkono hakigeuki. Ni kidole gumba na cha shahada vinavyoiviringisha shingo ya wembe. Siku mbili nikajizoeza kwa kijiti bapa. Kisha nikaushika wembe, mara kumi kumi, bila haraka.

Siku ya sita nywele za kigashani zilikatika bila kuvutwa. Kwa furaha nikajaribu kidevu changu kwa mkono ule ule, nikajichana chini ya sikio. Nikaikumbuka methali, nikajua kuwa kunoa ni jambo moja na kunyoa ni jingine.

Asubuhi ya siku ya saba nikamweleza mwenzangu kweli yote. Nikaunoa wembe mbele yake, nikampa, akamnyoa mwanawe mwenyewe, akianzia upande wa kulia wa kichwa kama ilivyo suna. Mtoto hakulia. Nywele zikapimwa, sadaka ya thamani ya fedha ikatolewa, na mbuzi wakachinjwa.

Siku hizi kinyozi huweka wembe mpya kwa kila kichwa, na ni vyema kwa afya. Wa baba nimejiwekea mwenyewe, na kila Ijumaa huunoa kwa kushoto. Kula nala kwa kulia, kama nilivyofunzwa. Lakini mjukuu wangu akishika kalamu kwa kushoto simkemei, kwani wahenga walikwisha sema: mkono mmoja haulei mwana.