Mukuyuni ipi, mwenzangu?

Je, msomaji, ukiambiwa upeleke mzigo Mukuyuni, utaelekeza pikapu wapi? Jina lenyewe kwa Kikamba ni penye mkuyu, na mikuyu haikuota pahali pamoja. Kuna Mukuyuni ya Makueni na ya Kitui. Isitoshe, kule Bungoma kuna wadi nzima yenye jina hilo hilo.

Tuseme wewe uko Nairobi, na dada yako anakuendeshea duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Wote. Mmekopa pesa za chama ili mfungue stoo ya pili. Daftari limejaa: fulani wa Mukuyuni, magunia manne, fulani wa Mukuyuni, mawili. Stoo iwe wapi? Daftari halisemi, na deni halingoji.

Dawa yake ni kuongeza safu mbili katika jedwali la kompyuta: latitudo na longitudo, zile zile za somo la jiografia. Programu za kutafuta namba hizo kwa jina la mahali zipo, lakini ziogope kidogo. Zaweza kumtupa mteja wako Bungoma. Heri dada asimame na simu penyewe, nje, mbali na mabati. Setilaiti zitamwonyesha alipo kwa kukosea mita chache tu. Hadi Mei 2, 2000, Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za GPS za raia, na kosa liliweza kufika mita 100 hivi.

Wengi hujikwaa wakati wa kuandika. Wote iko karibu na latitudo 1.78 kusini na longitudo 37.63 mashariki. Kwa kuwa ni kusini mwa Ikweta, namba ya kwanza huandikwa -1.78. Sahau kialama hicho, na mteja amehamia kaunti ya Marsabit. Zibadilishe nafasi namba hizo mbili, naye yuko karibu na mji wa Lorca, Hispania! Tena usizikate. Tarakimu ya pili baada ya nukta ni hatua ya kilomita moja na kitu. Ya nne ni mita 11, yaani mlangoni.

Wakubwa waliligundua jambo hili mapema. Mwaka wa 2013 taasisi ya FSD Kenya na washirika wake waliandikisha matawi ya benki na mawakala wa pesa za simu nchini pamoja na namba za mahali walipo. Kwa hesabu kama hiyo waweza kupima mwendo wa mwananchi hadi kwa wakala, jambo ambalo orodha ya majina haiwezi. Nawe, ukiweka nukta za wateja wako juu ya ramani ya barabara, utaona magunia yanakoelekea.

Lakini namba ya nyumba ya mtu ni siri yake, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Dada amwombe mteja ruhusa kwanza. Akikataa, aandike namba za soko lililo karibu naye.