Umeme Umefika, Mafiga Yangalipo

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kumjulia hali mama mzazi. Nilikuta taa ya umeme ikiwaka sebuleni. Jikoni, hatua chache kutoka hapo, mama alikuwa amepiga magoti akipuliza kuni mbichi, machozi yakimtiririka kwa moshi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mwanangu, umeme ni wa kuonea, si wa kupikia."

Kauli hiyo ilinifunza jambo. Wengi wetu hudhani kwamba matumizi ya nishati hukua kwa kadiri ya wingi wa watu na urefu wa nyaya. Sivyo. Mnamo 2015 serikali ilipunguza ada ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi zikapata mwangaza. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kaya nchini zilikuwa zingali zikipikia kuni.

Ukweli ni kwamba haja na uwezo si kitu kimoja. Nishati huchaguliwa na mfuko, na hasa jinsi fedha zinavyoingia humo. Kibarua anayelipwa kwa siku hununua makaa ya siku, mkebe mmoja. Kujaza mtungi wa gesi kwahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, hata kama mwishowe gesi ingemgharimu kidogo. Kodi ya asilimia 16 iliporejeshwa katika gesi ya kupikia Julai 2021, niliwaona majirani zangu wakiweka mitungi uvunguni na kuyarudia makaa. Hawakusahau ubora wa gesi, bei iliwashinda.

Hasara hii si ya mama peke yake. Nguzo zilizosimamishwa kwa gharama kubwa zikipeleka umeme wa balbu mbili tu, nani atalipa deni lake? Misitu nayo huendelea kulipa kwa miti yake.

Kwa hivyo walimu wenzangu, tusitosheke wanafunzi wanapoorodhesha vyanzo vya nishati: maji, upepo, jua, mvuke wa Olkaria. Tuwaulize pia: kwenu mnapikia nini? Nani huitafuta? Nani huilipia, na kwa siku au kwa mwezi? Majibu yao yatatueleza mahitaji ya taifa hili kuliko hesabu ya nguzo. Nchi haijaangazwa maadamu mama angali analia moshi chini ya nyaya za umeme.