Ukomaaji wa Niuroni za Kuona Utotoni na Suala la Muda katika Tiba ya Mtoto wa Jicho: Mazingira ya Katavi

Mtoto huzaliwa na macho yanayopokea mwanga, lakini uwezo kamili wa kuona hujengwa baadaye, katika gamba la ubongo lililo kisogoni. Huko kila niuroni huitikia eneo dogo tu la uga wa kuona, na huitikia zaidi mstari wenye mwelekeo fulani: wima, mlalo au mshazari. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1981, walibaini kwamba baadhi ya niuroni za paka mchanga huwa na upendeleo huo hata kabla hajaona chochote. Hata hivyo, mwitikio wake huwa hafifu. Huimarika katika majuma yanayofuata, iwapo tu macho yanapata taswira angavu.

Kwa maoni yangu, matokeo yao yenye uzito zaidi yanahusu ushindani. Walipofumba jicho moja la paka mchanga katika miezi ya mwanzo, karibu niuroni zote ziliacha kuliitikia, ilhali jicho lenyewe lilikuwa zima. Kwa paka mkubwa, ufumbaji huo haukubadili kitu. Walipofumba macho yote mawili ya paka mchanga, niuroni nyingi ziliendelea kuitikia. Hivyo basi, kinacholipokonya jicho nafasi yake si giza pekee, bali pia jicho jirani.

Ushindani huo una maana ya pekee mkoani Katavi. Mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito wa lenzi, yaani mtoto wa jicho, katika macho yote mawili hutambulika nyumbani: hamfuati mama kwa macho. Mwenye ukungu katika jicho moja hutabasamu, hushika vitu na hutembea kama wenzake, na familia haioni sababu ya kusafiri. Ilhali huyo ndiye mwenye muda mfupi zaidi, kwani matokeo bora hupatikana upasuaji ukifanyika mnamo wiki ya 6. Kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Mpanda, na kutoka Mpanda hadi hospitali za rufaa kama Bugando jijini Mwanza, ni safari ndefu yenye gharama. Utafiti uliofanywa KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2005 ulihusisha umbali na kuchelewa huko.

Ratiba ya chanjo humleta mtoto kliniki akiwa na wiki 6. Hapo muuguzi anaweza kulinganisha mng'ao mwekundu unaorudi kutoka ndani ya macho yote mawili. Tofauti baina yake inatosha kuandika rufaa.

Upasuaji nao huondoa kizuizi tu. Ili niuroni zirejeshewe nafasi, mtoto huhitaji miwani au lenzi, na jicho zima hufunikwa kwa saa kadhaa kila siku, pengine kwa miaka. Mama aelezwe sababu kabla hajaondoka hospitalini, kwani kuambiwa afunike jicho ambalo mtoto wake analitumia kuona ni agizo gumu kulitii nyumbani.