Mtoto anataka kuvuka mlima kwa baiskeli? Kubalianeni kwanza saa ya kugeuza

“Mama, Jumamosi mimi na wenzangu tunakwenda Chunya na baiskeli.”

Kwa mzazi wa Mbeya mwenye kijana wa miaka 15 au 16, maneno hayo yanatosha kumkosesha usingizi. Chunya si mtaa wa pili. Ni kilomita 72 kutoka jijini, na njiani kuna safu ya milima ya Mbeya, ambayo barabara huivuka ikiwa juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari.

Majibu ya haraka huwa mawili. Wapo wazazi wanaosema “Haiwezekani,” na mazungumzo yanaishia hapo. Wapo wanaosema “Haya, muwe waangalifu,” kisha wanashinda siku nzima wameshika simu. Majibu yote mawili yanamnyima kijana kitu anachokihitaji zaidi ya ruhusa, nacho ni mpango wenye saa.

Kwa nini usikatae moja kwa moja

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya vijana wanane kati ya kila 10 duniani, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana.

Kijana anayeomba mwenyewe kutoka jasho siku nzima pamoja na rafiki zake anaomba jambo jema. Na kama anayeomba ni binti, mzazi ajiulize kama kaka yake angepewa jibu lilelile.

Hiyo haina maana kwamba kila mtoto aruhusiwe kesho. Mwenye selimundu, pumu au tatizo la moyo aonane na daktari kwanza. Kwa mwenye selimundu, kazi nzito, baridi, upungufu wa maji na hewa nyepesi ya juu vinaweza kuamsha maumivu makali. Asiyewahi kuendesha zaidi ya kilomita 10 aanze na milima midogo ya karibu, wiki kadhaa kabla.

Kijana aliyekulia Mbeya, jiji lililo kwenye mita 1,700 hivi, amezoea hewa ya juu. Binamu yake aliyefika juzi kutoka Dar es Salaam atahema zaidi na kuchoka mapema, hata kama kwao ni bingwa wa mpira.

Mlima una pande mbili

Wazazi wengi huogopa upande wa kupanda. Ukitoka jijini, karibu kilomita 20 za mwanzo ni kupanda, na mwenye baiskeli ya gia moja atashuka na kuikokota mara nyingi. Inachosha, lakini mwendo ni mdogo, na anayechoka anaweza kukaa pembeni. Akiona hawezi, anageuza baiskeli na njia yote ya kurudi nyumbani ni mteremko.

Akishavuka juu, hesabu inageuka. Kila kilomita anayoshuka kuelekea Lwanjilo ni kilomita ambayo, akitaka kurudi, ataipanda tena akiwa amechoka. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa siku hiyo hufanyika juu, kabla ya kuanza kushuka. Lakini pale juu ndipo vijana huwa na furaha kupita kiasi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema “turudi”.

Ndiyo maana saa ya kugeuza iwekwe nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kila mmoja akiisikia. Mfano wa hesabu ni huu: kuondoka saa 1 asubuhi, kufika juu saa 5, na mwisho kabisa saa 6 mchana. Kundi ambalo halijafika juu saa 6 linageuza, hata kama limebakiza kona mbili. Zikibaki kilomita 50 na ushee kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa, pamoja na mapumziko, watafika Chunya saa 10 jioni. Mwezi wa Juni na Julai jua huzama karibu saa 12:30, hivyo kuna saa mbili na nusu za akiba kwa pancha, mnyororo kukatika au mtu kuumwa tumbo. Kurudi ni kwa gari, baiskeli zikiwa zimefungwa juu, na nauli iwe imetengwa kabla.

Kanuni ya pili ni kwamba yeyote ana haki ya kusema “nageuza”, na akisema, mwenzake mmoja anarudi naye bila kumcheka. Mzazi naye ana ahadi yake: simu ya “njoo utuchukue” haitapokelewa kwa matusi. Mtoto anayeogopa kufokewa ataendelea kuendesha gizani.

Kushuka ndiko kwenye hatari

Hata mabingwa huumia kwenye miteremko. Mwitaliano Fabio Casartelli, aliyeshinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992, alifariki Julai 1995 baada ya kuanguka akishuka mlima wa Portet-d’Aspet nchini Ufaransa katika mashindano ya Tour de France. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Juni 2023 Mswisi Gino Mäder, mwenye miaka 26, alianguka akishuka mlima wa Albula nchini Uswisi na kufariki siku iliyofuata. Kofia ngumu ilikuwa sheria kwenye mashindano hayo tangu 2003.

Habari hizo mbili zisomwe pamoja. Kofia ngumu ni ya lazima. Uchambuzi wa tafiti 40 uliohusisha zaidi ya waendesha baiskeli 64,000 walioumia ulionyesha kuwa waliovaa walikuwa na uwezekano mdogo kwa karibu asilimia 70 wa kupata majeraha makubwa ya kichwa. Lakini kofia haifuti mwendo mkali.

Mwendo ukiwa kilomita 40 kwa saa, baiskeli inapita mita 11 kila sekunde, na umbali wa kusimama kwa breki ni mara nne ya ule wa kilomita 20 kwa saa. Kwenye kona ambayo lori linapanda upande wa pili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Siku moja kabla, baiskeli ipelekwe kwa fundi. Mpira wa breki ulioisha ubadilishwe, waya uliochakaa ubadilishwe, na breki zote mbili, mbele na nyuma, zishike. Baiskeli yenye breki moja isivuke mlima. Wakati wa kushuka, kijana abane breki na kuachia, abane na kuachia, apunguze mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona. Akibana mfululizo kwa muda mrefu, rimu na mpira hupata moto na breki hulegea. Kila mmoja abaki kushoto, waachiane nafasi, na wasimame kila baada ya kilomita chache kupumzisha mikono.

Baridi na njaa

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kijana anafika juu akiwa na fulana iliyolowa jasho, kisha anaanza kushuka akipigwa na upepo. Vidole vikifa ganzi haviwezi kubana breki. Kabla ya kushuka avae fulana kavu na koti. Waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya walikuwa wakiweka gazeti kifuani, ndani ya nguo, kuzuia upepo. Njia hiyo bado inafanya kazi, na gazeti la wiki iliyopita linatosha.

Njaa nayo huja ghafla. Misuli ikimaliza akiba ya wanga, kijana aliyekuwa akicheka ananyamaza, anakuwa na hasira, mikono inatetemeka, kichwa kinazunguka. Kwa safari ya saa nyingi, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Hiyo ni ndizi moja au mbili kila saa, au kiazi kitamu kilichochemshwa, au chapati. Wale wakiwa bado na nguvu, wasisubiri njaa. Kila mmoja abebe maji yake na kunywa kidogo kidogo. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, aongeze kunywa.

Kabla hawajatoka mlangoni

Mzazi ahakikishe mambo haya: 

• Kundi ni la watu wanne au zaidi, na angalau mmoja ni mtu mzima aliyewahi kupita barabara hiyo.

• Kila mmoja ana kofia ngumu, koti, chakula, maji na nguo ya rangi inayoonekana.

• Kuna pampu, viraka na gundi, na anayejua kuziba pancha.

• Simu mbili zimejazwa chaji, na moja imezimwa kama akiba.

• Wamekubaliana kupiga simu mara tatu: wakifika juu, wakifika Lwanjilo, na wakifika Chunya.

• Mvua au ukungu mzito vikianza asubuhi, safari inaahirishwa.

Mtu akianguka na kugonga kichwa, safari yake imeisha hata kama anasema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali mara moja.

Kundi lote liende kwa mwendo wa aliye dhaifu, naye awekwe mbele au katikati, asiwe peke yake nyuma. Hilo ni gumu kwa vijana wenye baiskeli za gia wanaotaka kuonyeshana nguvu. Kwa hiyo wakirudi usiku, baada ya ugali na maji ya moto ya kuoga, mzazi asiulize nani alifika wa kwanza. Aulize nani alikuwa wa mwisho, na walimsubiri wapi. Jibu litamwonyesha kama safari ijayo ataruhusu kwa amani.