Kupachika na Kupachua: Neno la Kiswahili kwa Ghala la Mbali katika Kompyuta Wageni

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa njia ya mradi wa Kilinux, kilishiriki kuitoa programu ya Jambo OpenOffice, na mtu akaweza kuandika barua au kupiga hesabu kwa kompyuta inayosema naye Kiswahili. Kazi ile ilimfaa zaidi karani. Fundi wa seva aliachwa na Kiingereza chake, na neno mojawapo lililobaki bila fasili ni mount.

Neno hili ni kongwe. Limo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa mwaka 1971, zama ambazo diski iliweza kuinuliwa kwa mikono na kuwekwa juu ya mashine. Mikono imeondoka, neno limebaki.

Na ichukuliwe mathalani ofisi iliyoko Igoma, mashariki ya Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Ina kompyuta moja kubwa, na ndani yake hukaa mashine kadhaa zisizo na mwili, kila moja ikiendeshwa kwa Linux na kujiona kuwa kompyuta kamili. Yenye mwili huitwa mwenyeji, na hizo nyingine ni wageni. (Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu haifai hapa, maana wageni hawa hulima tangu siku ya kwanza.) Mafaili ya ofisi hayamo ndani ya wageni. Yamo katika seva ya ghala iliyoko katikati ya mji, nayo hufikiwa kwa NFS, itifaki iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Fundi huchagua saraka tupu ndani ya mgeni, hutoa amri, na tangu hapo aingiaye katika saraka hiyo hujikuta ghalani.

Yafaa ieleweke kwamba hapo hakuna faili lililohama. Kwa hiyo kitenzi pakia hakifai, kwani mzigo uliopakiwa katika meli ya ziwani umo ndani ya meli, na huondoka nayo. Tena kitenzi hicho kimekwisha kupewa kazi ya kupeleka mafaili mtandaoni. Pachika ndilo neno. Mshale hupachikwa katika uzi wa upinde, na kisu hupachikwa kiunoni. Vitu hushikana, walakini hubaki viwili. Kadhalika lina kinyume chake katika mzizi uleule: pachika, pachua, kama bandika na bandua, anika na anua. Kiingereza chenyewe husema umount, herufi n ikiwa imedondoka njiani.

Msomaji aweza kuuliza kama huu si ubishi wa maneno tu. Sivyo. Umeme ukikatika ghalani, programu ndani ya mgeni husimama na kungoja bila kikomo, kwa sababu hiyo ndiyo desturi ya NFS katika Linux. Fundi aweza kuagiza kinyume, yaani programu ijaribu mara chache kisha iletewe taarifa ya kosa, lakini hapo maandishi yaliyokuwa njiani huweza kupotea. La kwanza lingeweza kuitwa pachiko la subira, na la pili pachiko la kukata tamaa.

Baya zaidi ni mgeni anayeamka kabla ya mtandao. Upachikaji hushindikana, ile saraka tupu hubaki wazi, na programu huandika humo, katika diski ya mgeni mwenyewe, bila kulalamika. Baadaye ghala likipachikwa, kazi ya siku nzima hufunikwa. Mwanafunzi aliyefundishwa pakia atasema mafaili yamepotea. Aliyefundishwa pachika atakumbuka kwamba kuna kitu chini ya kilichopachikwa. Atapachua, atatazama, naye atayakuta. Kisha atatia neno _netdev katika mstari unaohusika wa faili la /etc/fstab, ili mgeni ajue kwamba pachiko hilo lahitaji mtandao kwanza.

Kupachua nako kuna adabu yake. Ikiwa programu yoyote ingali imeshika faili humo, au mtu amesimama ndani ya saraka ile, amri hukataliwa mpaka atoke.